Alichokigusa Mtukufu

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani nikaikosa, na nilipomuuliza mtu mmoja wa uhamiaji aliniambia hajawahi kuisikia, tena akaniangalia vibaya. Kwa hiyo msomaji ukikuta jambo humu ndani ukahisi unalifahamu, hilo ni wewe na kichwa chako. Mimi usiniingize.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo kulikuwa na kiongozi aliyeitwa Mtukufu. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila watu waliacha kulitumia kwa kuogopa kulichakaza. Wapo wanaopenda bao na wapo wanaopenda ugoro. Mtukufu alipenda kuzindua. Bomba akilizindua hulifungua kwa mkono wake mwenyewe, taa akiizindua huiwasha kwa kidole chake mwenyewe, na ilikuwepo sheria fupi, nzuri kabisa, iliyosema: Alichokigusa Mtukufu kibaki kama alivyokiacha.

Na kweli kilibaki. Bomba alilolifungua Majengo Mapya liliendelea kumwaga maji tangu siku hiyo. Soko lilihama, shule ikahama, na pale palipokuwa na kituo cha polisi sasa panalimwa mpunga mzuri sana. Taa za njia panda alizozizindua zikiwa kijani zilibaki kijani pande zote, na magari yakawa yanagongana pale kwa adabu, madereva wakishuka na kupongezana. Lango la gereza kuu nalo, alilolifungua mbele ya bendi siku ya uzinduzi, halikufungwa tena. Ili wafungwa wasitoke, askari magereza walisimama kwenye lango hilo wazi wameshikana mikono, bega kwa bega, kwa zamu, mvua ikinyesha na jua likiwaka. Serikali iliwajali, ikawapa mafuta ya kupaka viganjani.

Aliyeitunga sentensi ya sheria hiyo alikuwa Mwinjuma Chambuso. Enzi hizo alikuwa karani tu wizarani, mwembamba, mwenye suruali moja ya kutokea, na aliambiwa aandike maneno mawili matatu ya kufungia hotuba. Akaandika hayo. Yakapendwa, yakawa sheria, na Mwinjuma akapandishwa cheo hadi akawa Msimamizi Mkuu wa Kompyuta ya Taifa, na suruali zikaongezeka. Mama yake, Bi Somoe, aliyemlea kwa kukaanga vitumbua, alipoisikia sentensi ile redioni alimuuliza jambo moja tu: "Na akigusa vibaya je?" Mwinjuma alicheka, akamwambia mama mambo ya ofisi hayajui.

Kompyuta ya Taifa ilikaa Idara ya Vibali, juu ya meza iliyotandikwa zulia. Bila kibali chake mtu hakuzaliwa, hakuoa, hakusafiri wala hakuzikwa. Mtukufu mwenyewe ndiye aliyeiwasha. Kitufe alichokibonyeza kilifunikwa kwa kikasha cha kioo, kwa sababu alama ya kidole chake ilikuwa bado ipo, na askari wawili walisimama hapo kuilinda isije ikafutwa na mtu mwenye kitambaa na nia njema. Tangu siku ya uzinduzi mashine ile haikuwahi kuzimwa. Umeme ukikatika mji mzima, majenereta yaliunguruma kwa ajili yake peke yake, na madaktari wa hospitali kuu walimalizia upasuaji kwa tochi za simu huku wakishukuru kwamba walau kompyuta iko salama.

Balaa lilianza na mvi.

Picha ya Mtukufu iliyotokea kwenye kioo cha kompyuta ilipigwa kabla hajaanza kupaka nywele rangi. Waziri wa Vibali, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Lwitiko Mpangala, aliona haya isiyovumilika, akaagiza mfumo wote wa kompyuta uapdetiwe, yaani usasishwe, ili iingie picha mpya. Kazi ilifanyika vizuri, wala sisemi uongo. Mvi zilitoka. Kisha mashine ikagoma. Ukibonyeza herufi haiandiki, ukiomba kibali cha ndoa haitoi, ukiomba cha kuzaliwa inalia tii, halafu inaandika maneno yaleyale katikati ya paji la uso la Mtukufu: Masasisho yamekamilika. Tafadhali zima kompyuta, kisha iwashe upya.

Mwinjuma aliyasoma maneno yale mara moja, akafumba macho, lakini wapi, yalikuwa yameshaingia.

"Nani amesoma?" Waziri aliuliza.

Hakuna aliyesoma. Hata karani aliyekuwa akiyasoma kwa sauti alieleza kwamba alikuwa anasafisha koo.

Sasa msije mkadhani watu wa nchi ile ni wajinga. Dawa waliijua wote. Muuza maandazi wa pale getini aliijua, maana redio yake ikianza kukoroma huizima, huiwasha, akaendelea na maandazi yake. Wajumbe wa bodi waliijua, majaji waliijua, watoto wa chekechea waliijua. Kilichokosekana ni mtu wa kuisema, kwa kuwa kuisema ni kusema kwamba kitu alichokiwasha Mtukufu kizimwe, na aliyewahi kusema hivyo kuhusu bomba la Majengo Mapya alikuwa upande wa pili wa wale askari walioshikana mikono.

Waziri akaagiza kioo kifunikwe bendera ya taifa. Kikafunikwa, na mashine ikaendelea kulia tii chini ya bendera. Kisha akaitisha kikao.

"Ndugu zangu," alisema, mikono ameipandisha kwenye mkanda, "tusikubali kupotoshwa. Kompyuta yetu haijaharibika. Kompyuta yetu inatafakari. Mataifa makubwa yote yalipitia kipindi cha kutafakari. Ndugu Mwinjuma, wewe kama msimamizi unasemaje?"

Mwinjuma alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, mimi naona inatafakari vizuri sana."

Alipigiwa makofi, na siku hiyo alikula pilau ya kikao mpaka akalegeza mkanda.

Kamati iliundwa. Ilianza kwa kuipulizia mashine feni, ikidhani ni joto. Ikaisomea hotuba za Mtukufu, juzuu kwa juzuu, hadi msomaji akapoteza sauti. Viongozi wa dini waliitwa waiombee, wakaiombea wakiwa wamefumba macho, jambo lililosaidia sana wasisome chochote. Mwishowe ukatumwa ujumbe mzito kwenda ughaibuni kujifunza wenzetu wanafanyaje mashine zao zikigoma baada ya kuapdetiwa. Ujumbe ulirudi na makoti ya baridi na taarifa yenye maneno machache: kwamba wenzetu wanao utaratibu wao, lakini kwa mila na desturi zetu hauelezeki.

Nje, foleni ilikuwa imeshazunguka jengo. Walikuwemo mabwana harusi waliochakaza suti, walikuwemo kina mama na vichanga ambavyo kiserikali vilikuwa bado havijazaliwa. Mwinjuma aliwahudumia kupitia dirishani, kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Siku moja alikuja mzee mmoja mwenye kofia ya ukili, amefiwa na mkewe, anaomba kibali cha mazishi.

"Mwanangu, nisaidie. Tangu juzi yuko mochwari."

"Mzee, kompyuta inatafakari."

"Hata kwa mkono si unaweza kuandika tu?"

"Kwa mkono wa nani?" Mwinjuma alimjibu. "Subiri mzee wangu. Marehemu hana haraka." Akafunga dirisha taratibu, kwa sababu alikuwa mtu mstaarabu.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumatano, Mwinjuma hajamaliza hata chai ya asubuhi, simu yake iliita. Alikuwa dada yake, Mwajabu.

"Kaka," alisema. "Mama hatunaye. Amefia hospitali kuu."

Mwinjuma aliiweka chini ile chai. Mama yake alikuwa mwanamke mrefu, mwenye ulimi mkali na mkono laini, na alikuwa amewaachia wanawe wosia mmoja mwepesi kabisa: akifa azikwe siku ileile, kule Kilimahewa, ubavuni kwa mumewe, asikalishwe kwenye chumba na watu asiowajua. Kingine hakutaka. Mwinjuma alitoka ofisini analia waziwazi, na ilimchukua mpaka kwenye ngazi kukumbuka kwamba mama yake hana kibali.

Mochwari ya hospitali kuu ililindwa na Mzee Gwakisa, mtu wa makamo yaliyopitiliza, miwani mikubwa, mwenye funguo kiunoni.

"Pole sana mkuu," alimwambia Mwinjuma. "Kina mama wamemaliza kumuosha, wamemkafini vizuri. Sasa nipe kibali nikufungulie mlango."

"Mzee Gwakisa, kibali unajua hali yake."

"Najua mkuu."

"Basi mtie kwenye friji walau, mpaka nione la kufanya."

Mzee Gwakisa alikohoa. "Friji lipo, zuri, jipya. Ila bado halijazinduliwa, kwa hiyo haliruhusiwi kuwashwa. Tunatumia barafu ya soko la samaki, na leo boti hazikutoka." Akavuta kiti akakaa. "Wewe tulia tu mkuu. Marehemu hana haraka. Si ndivyo mnavyotuambia huko dirishani?"

Mwinjuma alimtazama aone kama anakejeliwa. Hakuona kejeli usoni kwa mzee yule, na hilo lilimuuma zaidi. Mwajabu alikuwa amekaa sakafuni pembeni ya mlango, kanga kichwani, hamtazami kaka yake. Alisema kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye mkubwa wa hiyo mashine. Mama ataozea humu na wewe ndiye mkubwa wake?"

Alirudi ofisini mbio. Akaingia chumba cha kompyuta, akainua ncha ya bendera, na maneno yalikuwa palepale: zima, kisha iwashe upya. Kitufe kilikuwa mbele yake, ndani ya kikasha chake cha kioo. Kazi ya kufumba na kufumbua. Alinyoosha mkono, na askari wawili wakaugeukia ule mkono wake kwa pamoja. Mwinjuma akaupeleka kichwani, akajikuna.

Hapo ndipo alipopata wazo. Na niseme tu ukweli: lilikuwa wazo la mtu mwoga, lakini lilikuwa zuri.

Alimkuta Waziri anachokonoa meno. "Mheshimiwa," alisema, "mimi nimeona kosa letu. Kompyuta tuliizindua. Lakini haya masasisho mapya, hivi nani aliyazindua?"

Kijiti kilidondoka mdomoni kwa Waziri. "Hayajazinduliwa," alisema polepole.

"Yanafanyaje kazi, Mheshimiwa, kitu hakijazinduliwa?"

Waziri alisimama, akamkumbatia. Hakuna lililomfurahisha mtu yule kama kugundua kitu ambacho bado hakijazinduliwa. Alimpigia simu Katibu wa Mtukufu papo hapo. Na Mtukufu, ambaye kwa mambo ya njaa na mafuriko alihitaji muda wa kujiandaa, kwa uzinduzi alipatikana kesho yake asubuhi.

Mwinjuma ndiye aliyeandaa ratiba ya sherehe, na ndani yake aliweka mstari mmoja: Mtukufu atabonyeza kitufe mara mbili. Ya kwanza kuzima, ya pili kuwasha, ingawa hilo hakuliandika. Kisha angechapa kibali cha mama yake kabla hata vigelegele havijaisha, na adhuhuri wangekuwa njiani kwenda Kilimahewa. Waziri alipofika kwenye mstari ule akavua miwani.

"Mara mbili? Mtukufu arudie? Kwani ya kwanza ataikosea?"

Mwinjuma aliinama haraka. "Hapana, Mheshimiwa. Niliteleza."

"Teleza kwenye mambo mengine," Waziri alisema, akaikata ile mara ya pili kwa kalamu nyekundu.

Mwinjuma alijipa moyo. Mtu yeyote akibonyeza kitu kikazimika, alijiambia, atabonyeza tena. Mtoto wa miaka mitatu atabonyeza tena. Basi akaupa ubinadamu wa Mtukufu dhamana ya maiti ya mama yake, akampigia Mwajabu simu kumwambia kesho mapema, kesho bila kukosa. Mwajabu alisema, "Kaka, harufu imeanza," akakata.

Kulipokucha palikuwa na bendi, palikuwa na kwaya ya wizara iliyovaa sare za rangi ya bendera, na foleni ya nje ilifukuzwa ili wananchi wapate nafasi ya kushangilia. Mtukufu aliingia na kofia yake ya sherehe. Bendera iliondolewa kioo kikiwa kimegeuzwa ukutani, kisha kikageuzwa haraka huku kwaya yote ikitazama dari. Afisa aliyevaa glovu nyeupe akakiondoa kile kikasha. Mtukufu akanyoosha kidole.

Akabonyeza, akashikilia, kama anavyopenda, ili wapiga picha wamalize.

Kioo kikafifia, kikawa cheusi. Ule mlio wa tii ukakatika. Feni ya ndani ya mashine, ambayo watu wa idara ile walikuwa wameizoea kiasi cha kutoisikia, ilipunguza mwendo, ikasimama, na kimya kikaingia chumbani. Mwinjuma, aliyesimama hatua chache nyuma ya Mtukufu, midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti: bonyeza tena baba, bonyeza tena, mara moja tu, tafadhali.

Mtukufu aliinamisha kichwa upande mmoja.

"Ile ya zamani ilikuwa na kelele," alisema. "Hii ya sasa hata huisikii."

Makofi yalipigwa mpaka dirisha likatikisika.

"Na picha yangu iko wapi?" Mtukufu aliuliza.

Makofi yakafa. Waziri Mpangala, aliyefikia udaktari na uhandisi bila kuonekana darasani, hapo alionyesha kwamba elimu yake haikupotea bure. "Imo ndani, Mtukufu," alisema. "Imeingia ndani zaidi. Ukisogea kidogo tu utaiona."

Mtukufu akasogea. Kwenye kioo kile cheusi, kilichosuguliwa vizuri kwa ajili ya sherehe, akaiona sura yake, na kofia yake juu. Akaitengeneza kofia. "Naam," alisema, "tena inacheka nikicheka." Akageuka, akahutubia juu ya teknolojia hadi kwaya ikaanza kuyumba, akaondoka na bendi yake.

Kikasha cha kioo kikarudishwa juu ya kitufe. Alama mpya ya kidole ilikuwa imekaa juu ya ile ya zamani. Askari wawili wakasogea mahali pao, na Mwinjuma, akiwatazama, akasikia ndani ya kichwa chake sentensi yake mwenyewe ya ujana ikijisoma polepole: kibaki kama alivyokiacha. Kompyuta ilikuwa imezimwa na mkono wa Mtukufu, na hakuna mkono wa binadamu mwingine ambao ungeiwasha. Redio ya taifa, pale dirishani, ilikuwa tayari inatangaza kwamba Kompyuta ya Taifa sasa inafanya kazi kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana.

Alikaa chini kwenye zulia. Alimfikiria mama yake kwenye chumba kile, kati ya watu asiowajua, bila barafu. Alilia kidogo. Kisha macho yake yakaangukia printa, na kwenye trei ya printa kulikuwa na karatasi nyeupe, safi, hazijaguswa. Aliitazama karatasi ya juu kwa muda. Akaichukua, akaikunja vizuri, akaiweka mfuko wa koti.

"Mzee Gwakisa," alisema alipofika mochwari, na sauti yake ilikuwa ya ofisini, ileile ya dirishani. "Kibali hiki hapa."

Mzee Gwakisa aliikunjua. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Mkuu, hii..."

"Hii nini?"

"Imetoka wapi?"

"Kompyuta ya Taifa. Mtukufu ameizindua leo asubuhi kwa mkono wake. Redio hujasikiliza?"

"Nimesikiliza. Wamesema ina kasi."

"Unasema redio imesema uongo? Unasema Mtukufu amezindua kitu kibovu?"

"Mimi sijasema hivyo," Mzee Gwakisa alisema upesi, akatazama mlangoni. "Sema tu miwani yangu nimeisahau nyumbani."

"Unayo usoni, mzee."

Mzee Gwakisa aliigusa miwani yake, akakuta kweli ipo. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaanza kusoma. "Somoe binti Chande," alisoma. "Azikwe leo. Kilimahewa." Akaishusha karatasi. "Mama yako alikuwa na jina zuri, mkuu." Akatoa funguo kiunoni.

Bi Somoe alizikwa alasiri ile, ubavuni kwa mumewe. Mwinjuma aliingia kaburini mwenyewe kumpokea, na aliposhika ile sanda na kuhisi wepesi wa mwili ule uliombeba yeye, alilia hadi watu wakamshika mabega. Aliona fahari na aliona aibu, vyote kwa pamoja, na havikugombana. Alimkumbuka pia yule mzee wa kofia ya ukili, akasema moyoni atamtafuta ampelekee karatasi moja. Lakini watu walikuwa wengi wa kutoa rambirambi, na wazo lile likapotea hukohuko.

Mzee Gwakisa hakunyamaza, na nani angenyamaza. Siku ya pili foleni ilirudi, na kila aliyefika dirishani alisema kwa adabu kwamba anaomba kibali kama kile cha mama yake mkuu. Mwinjuma alikwenda kwa Waziri roho mkononi, akijua amemwaga unga. Waziri alimsikiliza, akafikiri, uso wake ukakunjuka.

"Ndugu Mwinjuma," alisema, "wino ni teknolojia ya jana."

Basi vibali vyeupe vikawa sera. Watu walizaliwa kwa karatasi nyeupe, wakaoana kwa karatasi nyeupe. Wachache walisafiri nazo hadi mpakani, wakarudishwa, na wizara ikatoa tamko la masikitiko juu ya ugonjwa wa macho unaowasumbua jirani zetu. Mahakamani wakili mmoja alinyanyua karatasi nyeupe akadai shamba la mwenzake, na mwenzake akanyanyua ya kwake, na hakimu akampa ushindi yule ambaye karatasi yake ilikuwa nyeupe zaidi. Hakukuwa na mtu nchini aliyekosa kibali, ilimradi awe na uso mkavu. Mwinjuma alivishwa nishani, na mbele ya kamera aliulizwa siri ya mafanikio yake ni nini. Alisema ni uzalendo.

Siku ya arobaini ya mama, kisomo kilifanyika nyumbani kwake. Mchana, sinia za wali zikiwa zimeshatandazwa na watu wananawa, waliingia wanaume wawili waliovaa mashati yaliyofanana. Walisalimia vizuri, wakavua viatu mlangoni. Mmoja alitoa karatasi mfukoni, akampa Mwinjuma kwa mikono miwili.

Mwinjuma aliikunjua. Ilikuwa nyeupe. Akaigeuza, na nyuma nako kulikuwa kweupe.

"Hii ni nini, ndugu zangu?" aliuliza.

"Soma tu, mkuu," yule mmoja alisema kwa upole. "Imetoka Kompyuta ya Taifa."

Mikono ya watu ilikuwa inachuruzika maji. Mwinjuma alifungua mdomo aseme karatasi haina kitu. Waliokaa jamvini walikuwa watu waliozaliwa, walioolewa na waliozikiana kwa mkono wake, na wote waliinamia sinia. Na nishani ilikuwa pale kifuani, juu ya kanzu. Akaufunga mdomo.

"Kaka," Mwajabu aliita kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi. "Wameandika nini?"

"Wameandika niende nao."

"Kwa kosa gani?"

Mwinjuma aliitazama tena ile karatasi. Safari hii aliitazama kwa bidii, kona hadi kona, kama mtu anayetafuta kweli. "Kosa wamelitaja," alisema taratibu.

"Na utarudi lini, hilo wameliandika?"

Alitazama kwa muda mrefu zaidi, mpaka yule mtu wa shati akaichukua karatasi mkononi mwake, akaikunja, akairudisha mfukoni.

Gereza kuu halikuwa mbali, wakaenda kwa miguu. Lango lilikuwa wazi, kama Mtukufu alivyoliacha. Askari waliachana mikono kidogo, Mwinjuma akapita katikati yao, wakashikana tena.